Kafuri ya Wakati wa Vita

Shamsia binti Pazi aliingia katika kazi ya kuosha maiti kwa sababu macho ya mama yake yalikuwa yamekwisha. Mama huyo, Bi Mwajuma, aliosha wanawake wa Mlali na vijiji vya jirani tangu kabla reli haijafika Morogoro. Alipoanza kuwaona watu kama vivuli, alimkabidhi binti yake kata ya kuchotea maji, vitambaa vya kuoshea na kichupa cha kafuri, akamfundisha kwa maneno machache. Maji ya kwanza yawe na majani ya mkunazi yaliyopondwa. Maji ya mwisho yawe na kafuri kidogo, ile ambayo watu wa pwani huiita karafuu maiti. Kisha kafuri nyingine iliyosagwa ipakwe pale panapogusa chini mtu anaposujudu: paji la uso, pua, viganja, magoti na vidole vya miguu.

"Na mimi usinisahau," Bi Mwajuma alimwambia. "Nimewapeleka wenzangu wote wakinukia. Nami nataka niende hivyo hivyo."

Shamsia aliahidi bila kufikiri sana. Siku hizo kafuri haikuwa kitu cha kumsumbua mtu. Ilikuja kwa meli hadi Dar es Salaam, ikapanda reli, na katika duka la Mhindi mjini Morogoro ilipatikana kwa vipande vyeupe vilivyofungwa karatasi moja moja. Shamsia alikuwa akienda mara mbili kwa mwaka, akirudi na vipande vinne au vitano ndani ya upindo wa kanga.

Halafu vita vya Wajerumani na Waingereza vikaanza. Mumewe, Yunusi, alichukuliwa mwezi wa pili wa vita kubeba mizigo ya jeshi upande wa Taveta. Salamu zake zilifika mara moja tu, kupitia kwa mpagazi mwenzake aliyerudishwa na kidonda mguuni, kisha kimya. Shamsia akabaki na mama kipofu, shamba la mahindi la ukoo, na maiti. Maiti walizidi. Askari walikuwa wakipita wakichukua mtama na mbuzi, na njaa ikaja na magonjwa yake.

Mwanzoni mwa mwaka wa pili wa vita alikwenda mjini. Aliondoka alfajiri, akafika dukani jua limeegemea magharibi. Mwenye duka alimfungulia mtoto wa meza ambamo kafuri ilikuwa ikikaa. Ulikuwa mtupu, ila harufu ilikuwa bado imo ndani ya mbao. Alimweleza kuwa manowari za Waingereza zimeziba bahari, hakuna meli inayoingia, na hata nguo za sanda alizonazo ni majora mawili tu. Shamsia alilala kwa ndugu wa mbali pale Mafiga, kesho yake akarudi Mlali mikono mitupu. Alipofika hakumwambia mama yake. Alichukua kichupa akakitazama: zilikuwa zimebaki chembe ambazo hazikufunika hata ukucha. Aliyekufa wiki iliyofuata alizimaliza.

Tangu hapo aliosha kwa maji na majani ya mkunazi peke yake. Aliona jinsi wanawake walivyosogea karibu na sanda, wakavuta pumzi, wakarudi nyuma.

Juu ya Mlali, mlima unapoanza kuinuka, palikuwa na shamba la Mjerumani mmoja mzee ambaye watu walimwita Bwana Mpira, kwa sababu ya miti yake ya mpira. Bei ya mpira ilianguka mwaka mmoja kabla ya vita, akaiacha miti ikamezwa na magugu. Ila kando ya kijito alikuwa amepanda miti mingine, kama mia mbili hivi, ya kujaribia, yenye majani ya kung'aa ambayo ukiyafikicha yananukia kama duka la Mhindi. Ilikuwa mikafuri. Kwa miaka kumi haikuwa na kazi yoyote. Sasa hospitali ya jeshi mjini haikuwa na dawa, na mtu fulani huko akakumbuka kwamba Bwana Mpira ana miti hiyo. Wanaume wa kukata na kuchoma kuni walikuwa wamekwisha kuchukuliwa upagazi, kwa hiyo likatolewa tangazo kwamba wanawake waje.

Shamsia alisikia habari hiyo msibani. Siku ya pili alikuwa amesimama mbele ya banda la shamba.

Msimamizi wa banda alikuwa Kasiani, mtu wa Mgeta, Mkristo, aliyesomeshwa misheni na kujua kusoma Kijerumani kidogo. Walipoulizana ukoo, kama ilivyo desturi ya Waluguru, ikaonekana kwamba mama zao ni wa ukoo mmoja. Basi tangu siku hiyo alimwita dada naye akamwita kaka, na mke wa Kasiani, Paskalia, akawa wifi yake. Msikiti na kanisa havikuingia katika jambo hilo.

Mtambo wa kutolea kafuri Kasiani aliujenga kwa kusomewa kitabu na Bwana Mpira, kwa chuma, mbao na mianzi, maana shaba yote ilichukuliwa na jeshi. Sufuria kubwa ya chuma ilikaa juu ya moto. Juu yake lilisimama pipa la mbao lenye matundu chini, na ndani ya pipa wanawake walishindilia majani na vijiti vilivyokatwakatwa. Maji yakichemka, mvuke hupanda katikati ya majani, huchukua kafuri, hupita katika bomba la mianzi lililozibwa viungo kwa udongo, huingia katika sanduku la mbao linalomwagiwa maji ya kijito juu yake mchana kutwa. Ndani ya sanduku lile la baridi mvuke hurudi kuwa maji, nayo kafuri hujishika kwenye mbao kama ukungu mweupe, kisha kama chumvi ya mawe. Pamoja nayo hutoka mafuta ya manjano, ambayo Kasiani aliyakusanya kwenye chupa kwa ajili ya kuchua viungo vya wagonjwa.

Mara ya kwanza sanduku lilipofunguliwa Shamsia aliinamia ndani akatazama. Magunia manne ya majani, kuni za siku nzima, na kilichopatikana kilitosha kujaza viganja viwili. Alikuwa amedhani kafuri huchimbwa.

Kasiani alipenda kueleza. Wakipumzika, alimweleza kwamba Ulaya hawaitumii kuoshea mtu. Huko huichanganya na pamba iliyolowekwa katika asidi, wakapata kitu kigumu cheupe cha kutengenezea vitana na vifungo vya nguo. Wengine huitia katika baruti. Wenye nguo za sufu huiweka sandukuni ili wadudu wasile. Na madaktari huiyeyusha katika mafuta ya ufuta, wakamchoma nayo mgonjwa ambaye moyo wake umechoka, nao moyo hushtuka ukaanza kupiga upya.

"Sasa ni ya kuamshia au ya kulazia?" Shamsia aliuliza.

Kasiani alisema hajui, kitabu hakikueleza.

Alimwonyesha pia kwamba haikai. Aliweka punje moja juu ya jiwe mahali penye jua, bila kuifunika, na baada ya siku chache hapakuwa na kitu, hata doa. Kafuri haiyeyuki kama mafuta wala haiozi, inaondoka tu hewani. Ndiyo maana ilifungiwa katika mikebe iliyozibwa kwa nta. Nayo inashika moto upesi kuliko mafuta ya taa. Hilo Kasiani alilijua vizuri, maana siku moja alipokuwa akiisafisha, akiipasha pamoja na chokaa na unga wa mkaa ili ipande ikiwa nyeupe tupu, mvuke ulidaka moto ukamuunguza nyusi na mkono wa kushoto. Kwa mwezi mzima alifanya kazi mkono ukiwa umefungwa jani la mgomba.

Kazi ilichosha kwa namna ambayo kulima hakuchoshi. Kukata majani, kubeba, kushindilia, kuchochea moto, kuchota maji ya kumwagia sanduku, kutoa majani yaliyoiva na kuyatupa yakiwa bado yanaunguza. Harufu iliyokuwa nzuri kwa punje ilikuwa adhabu kwa pipa zima. Iliingia kichwani ikakaa nyuma ya macho. Wanawake wawili walitapika siku za mwanzo, mmoja hakurudi. Shamsia aliporudi nyumbani chakula hakikuwa na ladha, ugali ulinukia kafuri na maji yalinukia kafuri. Mama yake alimshika mikono akainusa, akatabasamu kwa mara ya kwanza katika miezi mingi.

"Umeipata," Bi Mwajuma alisema.

Shamsia alimwambia ndiyo, ameipata. Hakuwa ameipata. Bwana Mpira mwenyewe alikuja kila jioni, akapima kilichotoka, akakifungia, na kila Jumamosi mkebe ukapelekwa hospitalini mjini. Shamsia aliomba, kupitia kwa Kasiani, alipwe kafuri badala ya fedha, japo kidogo kwa mwezi. Bwana Mpira alisikiliza hadi mwisho. Alikuwa mtu aliyechoka naye, mwenye homa ya mara kwa mara, mwanawe alikuwa vitani. Alijibu kwa Kiswahili chake kizito kwamba hana ruhusa. Alisema kafuri hii ni ya wazima, waliokufa hawana haja tena. Hakulisema kwa ukali. Shamsia akarudi kwenye kuni.

Lakini bomba la mianzi lilikuwa likipasuka kila baada ya majuma mawili au matatu, likatupwa na kuwekwa jipya. Shamsia ndiye aliyepewa kazi ya kulitupa. Siku moja alilipasua bomba la zamani, akaona ndani yake utando mweupe, mwembamba, uliochanganyika na uchafu wa mianzi. Aliukwangua kwa kisu. Alipata kiasi cha kufunika ncha ya kidole. Akakitia katika kichupa cha mama yake, akaziba kwa nta aliyookota chini ya meza ya Kasiani.

Alijiambia kuwa si wizi, kwa kuwa mianzi ile ilikuwa ya kutupwa. Hata hivyo aliipasulia mbali, nyuma ya migomba, akageuka nyuma mara mbili tatu kabla ya kuanza. Kwa miezi minane alikwangua. Kichupa kikafika nusu, kafuri ya rangi ya maziwa yaliyoingia vumbi, lakini kafuri. Yote aliiweka kwa ajili ya mtu mmoja.

Katika miezi hiyo minane aliosha wanawake kumi na saba, na hakumpa hata mmoja.

Kati yao alikuwamo Mwanaasha, binti wa Bi Furaha, aliyefariki akijifungua mtoto wake wa kwanza, na mtoto naye hakupona. Mwanaasha hakuwa amefikisha miaka ishirini. Shamsia aliitwa mchana, akatoka mtamboni moja kwa moja, akanawa, akaanza kazi. Bi Furaha alikaa pembeni ya kitanda ameshika mguu wa binti yake. Walipofika maji ya mwisho aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeona haya kuomba:

"Hamna hata kidogo, mwanangu? Hata ya kunusisha tu?"

Kichupa kilikuwa nyumbani kwa Shamsia, hatua mia mbili kutoka pale.

"Hakuna, mama," Shamsia alisema. "Hakuna tangu mwaka jana."

Bi Furaha aliitikia kwa kichwa. Shamsia akamimina maji matupu, akamfunika binti sanda ya nguo iliyokuwa shuka ya kitandani, maana majora ya dukani nayo yalikuwa yameisha. Jioni ile alikwenda nyumbani akakaa karibu na mama yake hadi jua likazama, hakupika. Alikuwa akifikiri juu ya hatua mia mbili.

Baada ya mvua za masika za mwaka wa elfu moja mia tisa na kumi na sita, Paskalia akaugua. Ilikuwa nimonia. Siku ya sita midomo yake ilikuwa ya buluu na mapigo yake hayakuhesabika. Kasiani alikuwa na rafiki aliyesoma naye misheni, jina lake Leonard, msaidizi katika hospitali ya jeshi. Alimtumia habari, na Leonard akaja Jumapili kwa miguu, akamsikiliza mgonjwa kifuani, akatoka nje na kumwambia Kasiani kuwa mapafu yanaweza kupona ila moyo hautangoja. Kama ingepatikana kafuri angemchoma kwa siku tatu nne. Sindano alikuwa nayo mfukoni, ameiazima bila kusema. Kafuri ya hospitali ilikuwa chini ya ufunguo wa daktari, na daktari alikuwa amekataza isitumiwe kwa mtu asiye wa jeshi.

Kasiani, ambaye kila gramu ya kafuri ile ilipita mikononi mwake, hakuwa nayo. Ya juma lile ilikuwa imepelekwa jana yake, na mtambo ulikuwa umesimama kwa ukosefu wa kuni. Kwanza alikwenda kwa Bwana Mpira akamkuta kitandani anatetemeka kwa homa, haelewi anachoambiwa. Ndipo akashuka Mlali.

Alimkuta Shamsia akipepeta mtama uani. Hakukaa.

"Dada, najua unayo," alisema. "Nilikuwa nikiona mianzi inavyopasuliwa. Sikusema kwa kuwa nilijua ni ya nini."

Shamsia aliendelea kupepeta. Mlangoni alikuwa amekaa mama yake, uso ameuelekeza kwenye sauti zao.

"Ni wifi yako," Kasiani alisema. "Kama ningekuwa na nyingine nisingekuja."

Shamsia alinieleza mwenyewe, mimi ninayeisimulia habari hii, miaka mingi baadaye, kwamba wakati ule hakumfikiria Paskalia hata kidogo. Alikuwa akiona mguu wa Mwanaasha na mkono wa Bi Furaha ulioushika. Aliweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka na kichupa. Alipompa Kasiani alimwambia achukue yote, maana alijua kuwa ile ya mianzi ni chafu na ikisafishwa itapungua.

Ilipungua kweli. Leonard na Kasiani waliipasha kwa chokaa na mkaa katika kikombe cha udongo kilichofunikwa kwa kingine, na nusu yake ikapotea katika moshi na taka. Iliyobaki ikayeyushwa katika mafuta ya ufuta yaliyochemshwa na kuchujwa kwa pamba. Kwa siku nne, asubuhi na jioni, Paskalia alichomwa pajani. Siku ya tatu homa ilivunjika kwa jasho. Siku ya tano aliomba uji. Mimi siwezi kusema kama ni sindano iliyomponya au nguvu zake mwenyewe. Leonard naye alipoulizwa alisema kuwa ameona waliochomwa wakafa na wasiochomwa wakapona. Lakini Kasiani hakuwa na shaka, na hadi anaingia uzeeni alimtaja Shamsia katika sala zake za jioni.

Bi Mwajuma alikuwa amesikia mazungumzo yote pale mlangoni. Kasiani alipoondoka, akauliza kama mtama umekwisha kupepetwa.

Aliishi siku kumi na nane baada ya hapo. Alikufa saa nne asubuhi, katikati ya kuagiza maji ya kunywa. Hakuwa mgonjwa kuliko siku zote, aliisha tu, kama walivyoisha wazee wengi mwaka ule ambao chakula hakikutosha watu wazima na watoto, na wazee wakawa wanasema hawana njaa.

Shamsia hakumwita mtu wa kumsaidia. Alichuma majani ya mkunazi, akayaponda, akamwosha mama yake taratibu kwa namna aliyofundishwa naye. Maji ya mwisho yalikuwa maji. Alipomaliza aligusa kwa vidole vyake vitupu paji la uso, pua, viganja, magoti na vidole vya miguu, kimoja baada ya kingine.

Mwalimu Rehani, aliyefundisha watoto Kurani pale Mlali, alisalisha jeneza. Baada ya maziko Shamsia alimfuata akamwuliza kama mama yake ameoshwa sawasawa. Mwalimu alimjibu kuwa ameoshwa sawasawa, maji yanatosha, kafuri ni sunna, si sharti.

Shamsia alikuwa akilijua hilo. Alilisikia kwa mama yake na kwa mwalimu huyu huyu zamani. Lakini alipolisikia siku ile alikaa chini pale njiani. Akamweleza mwalimu habari yote: mianzi, kichupa, miezi minane, na uongo aliomwambia Bi Furaha. Mwalimu Rehani alisimama akimsikiliza hadi akamaliza. Hakumlaumu wala hakumtuliza. Alisema lile ambalo Mungu atalisamehe ni juu ya Mungu, ila la Bi Furaha ni la Bi Furaha, amwendee.

Alimwendea baada ya arobaini ya mama yake. Bi Furaha alikuwa shambani akichimba mihogo, mashimo mengi, mihogo michache. Shamsia alimsalimu shikamoo, akaitikiwa, akaanza kumsaidia kuchimba. Walichimba mstari mzima. Mwishoni Shamsia akasema aliyoyaendea. Hakuficha kitu, hata zile hatua mia mbili.

Bi Furaha alipangusa udongo kwenye jembe.

"Nilijua," alisema. "Ulikuwa unanukia, mwanangu. Ukaniambia hakuna, na chumba kizima kinanukia kafuri."

Shamsia hakuwahi kufikiria jambo hilo. Kwa miezi ile pua yake ilikuwa imekufa kwa harufu hiyo, haikuisikia tena mwilini mwake. Alisimama na mihogo miwili mikononi asijue aiweke wapi.

"Nilikukasirikia siku ile," Bi Furaha aliendelea. "Halafu nikatazama unavyomwosha, mikono yako inavyopita usoni kwake. Nikajiambia, basi, amepata kidogo. Kila ulipomgusa amepata kidogo. Nikaliacha hapo. Sina nguvu ya kubeba hilo pia."

Akarudi kuchimba. Baada ya muda alimwambia Shamsia kwamba mstari unaofuata una mizizi ya mti, aanze kuchimba upande wa juu.

Mwezi wa nane mwaka ule vita vikashuka Morogoro. Wajerumani waliondoka mjini wakielekea kusini, wakapita Mlali wakiwa wamechoka na wagonjwa wao machelani, na nyuma yao wakaja wapanda farasi wa upande wa Waingereza. Mizinga ilisikika siku mbili. Watu walipanda mlimani na mikeka yao, wakateremka ilipokoma. Bwana Mpira alikuwa amekwisha kuondoka na jeshi, amebebwa kwenye machela. Kabla ya hapo alimwamuru Kasiani avunje sufuria kwa nyundo ili adui asiitumie. Kasiani alivunja pipa na sanduku, sufuria akaizamisha kijitoni, na baada ya mwezi akaitoa, akaipandisha Mgeta kichwani, Paskalia akifuata na vitu vyao. Huko ilitumika kuchemshia pombe na nguo za misheni kwa miaka mingi.

Waingereza walipiga kambi katika shamba. Palikuwa na baridi ya usiku na mvua zisizo za msimu, nao walihitaji kuni, wakakata miti ya karibu. Hawakujua ni miti gani, au walijua na hawakujali. Kwa majuma mawili moshi wa mikafuri ulilala juu ya Mlali, mzito na mtamu, ukaingia katika nguo na mablanketi na nywele za watoto. Wanawake waliokuwa wamezika bila kafuri walitoka nje wakasimama wakiutazama unavyopita juu ya mapaa.

Yunusi hakurudi. Wapagazi waliorudi mmoja mmoja katika miaka miwili iliyofuata Shamsia aliwauliza wote, mwanzoni kwa jina, rangi na kovu la shingoni, baadaye kwa jina tu. Mmoja alisema alimwona Mahenge. Mwingine alisema aliyeonekana Mahenge ni Yunusi mwingine. Mwishoni aliacha kuuliza, na Mwalimu Rehani akamruhusu kukaa eda.

Ulipoingia ugonjwa wa mafua makali, vita vikiwa vinakwisha, watu walikufa kiasi kwamba mwosha mmoja hakutosha. Siku moja Shamsia aliosha wanne, na alipofika kwa wa tano hakuweza kuinua kata. Bi Furaha, aliyekuwa amekuja kumlilia jirani yake, aliichukua kata mkononi mwa Shamsia, akamwambia akae chini amwelekeze. Shamsia alikaa, akaegemea ukuta, akawa anamtajia: upande wa kulia kwanza, taratibu, funika unapokwenda. Katikati ya maelezo usingizi ukamchukua. Bi Furaha hakumwamsha. Alimaliza alivyoweza, akamkabidhi maiti kwa wenyewe, kisha akaenda jikoni kuuliza kama kuna mtu aliyebakisha uji wa kumpa Shamsia akiamka.